Tamasha la bure uwanjani: watu watakaa, na nani atalipa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha maigizo na sarakasi hapa Mwanza. Vikundi sita tumekubaliana kufanya tamasha la siku tatu mwezi wa saba, maonyesho yote nje: siku ya kwanza uwanja wa Furahisha, ya pili Nyamagana, ya tatu sokoni. Tunataka liwe bure kabisa. Wenzetu wawili wanasema kitu cha bure watu hawakithamini, tuweke angalau shilingi 1,000. Mwingine anasema viwanja vya wazi havihitaji kibali, tukodi tu spika kubwa tuanze. Kwenye mfuko wetu kuna 900,000. Tuendelee, au tunajidanganya?"

Marahaba, mwanangu. Vikundi sita kukaa pamoja na kukubaliana jambo moja ni kazi kubwa kuliko kupata jukwaa, na hilo mmeshalifanya. Nakujibu moja kwa moja kisha nieleze. Endeleeni, na msiweke kiingilio. Lakini msifanye siku tatu katika sehemu tatu kwa shilingi 900,000, maana hapo ndipo mtakapoumia.

Katika swali lako naona hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba watu hawatakuja, au watakuja wasikae. Ya pili ni kwamba mtatoka jasho siku tatu kisha mrudi nyumbani na madeni. Ile buku ya kiingilio mnaitaka iondoe hofu zote mbili, nayo haiwezi kuondoa hata moja.

Tuanze na hilo la kuthamini. Kutoka mjini ukipanda daladala ya Kisesa unafika Bujora, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Kila mwezi Juni, karibu na sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila chama upande wake, na anayeshinda ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Nimewahi kusimama katikati pale. Upande mmoja wakaingia na chatu mabegani, umati ukahama wote kwenda huko. Haikupita robo saa, upande wa pili wakarusha hewani majembe ya bugobogobo, ngoma ya wakulima, vumbi likapanda, na wale wale waliohama wakarudi mbio, wazee kwa watoto. Hukumu yote iko miguuni mwa watazamaji.

Mtazamaji wa ukumbini akishalipa amefungwa na hela yake. Hata mchezo ukimchosha, anavumilia. Wa uwanjani hana kinachomzuia. Ana sufuria jikoni, ana abiria anamsubiri kwenye bodaboda, ana mtoto mgongoni. Akikaa dakika arobaini amekulipa kwa kitu alicho nacho kichache zaidi ya hela. Kwa hiyo watu hawakai kwa sababu walilipa, wala hawaondoki kwa sababu ni bure. Wanaondoka kwa sababu hawasikii, hawaoni, jua linawapiga usoni, au mchezo umechelewa kuanza. Mambo yote manne yako mikononi mwenu, na nitayarudia.

Sasa piga hesabu ya hiyo buku. Ili kukusanya kiingilio Furahisha unahitaji uzio, tiketi, watu wa mlangoni na walinzi wa kuangalia watu wa mlangoni. Sehemu kubwa ya makusanyo itaishia hapo hapo. Na mtakuwa mmemfukuza yule mliyemfuata: mama mwenye beseni la nyanya kichwani aliyekuwa anapita tu, akasikia ngoma, akasimama. Yeye hakutoka nyumbani akisema naenda kwenye maigizo. Ukimwekea mlango hataingia, na hatajua alichokikosa.

Mgogoro huu si mgeni. New York mwaka 1959, Joseph Papp alikuwa akionyesha tamthilia za Shakespeare bure katika bustani ya Central Park. Robert Moses, aliyesimamia bustani za jiji, alimtaka atoze kiingilio ili zipatikane fedha za kutengeneza nyasi zinazokanyagwa. Papp akakataa, kesi ikaenda mpaka rufaa, akashinda. Mwaka 1962 ukafunguliwa humo humo bustanini ukumbi wa wazi, Delacorte Theater, wenye viti takriban 1,800, na tiketi zikaendelea kuwa bure. Wasanii hupenda kusimulia habari hii kama ushindi wa Papp, na ni ushindi kweli. Lakini mimi namsikiliza na Moses pia. Nyasi zilikuwa zinakufa kweli, na lazima mtu alipe. Bure kwa mtazamaji maana yake ni kwamba kuna mwingine amelipa, na huyo mwingine anatakiwa ajulikane kabla hamjabandika tangazo la kwanza.

Hapo sasa tunaingia kwenye 900,000 zenu. Vikundi sita, tuseme kila kimoja kina watu kumi. Mkimpa kila msanii shilingi 10,000 tu kwa siku, nauli na chakula, bila hata senti ya posho, kwa siku tatu ni 1,800,000. Tayari mmezidi mfuko mara mbili na hamjakodi spika, jenereta, turubai wala choo. Najua mtu atasema wasanii watajitolea. Siku ya kwanza watajitolea. Siku ya tatu, mchezaji sarakasi ambaye hajala tangu asubuhi ndiye anayepanda juu ya mabega ya mwenzake, na hapo msiniambie habari za moyo wa kujitolea. Hata matamasha yenye jina hutikisika kwa fedha: Sauti za Busara ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2004 na ambayo gwaride lake la ufunguzi watu hulitazama bure mitaani, ilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Wale walikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka kumi.

Hela ya tamasha la bure hupatikana kwa njia nyingi ndogo ndogo, na sisi bahati nzuri tuna desturi inayosaidia. Watu wetu wanajua kutuza. Kwenye taarabu mama anainuka kitini, anakwenda mpaka mbele akicheza, anambandika mwimbaji noti, anarudi kwa maringo. Kwenye ngoma ni hivyo hivyo. Hamhitaji kumfundisha mtu wa Mwanza kutuza, mnahitaji kumpa nafasi na muda wa kufanya hivyo. Kosa ninaloliona kila mara ni kupitisha kapu mchezo ukiisha. Makofi yakishalia watu wameshageuka, na kapu linafukuzana na migongo. Pitisheni kabla ya kilele. Wasimulizi wa uwanja wa Jemaa el-Fna, kule Marrakech, wamefanya hivyo vizazi na vizazi: hadithi inafika pale shujaa amenyanyua upanga, msimulizi ananyamaza, sahani inazunguka. Kwenye sarakasi yenu, mnara wa watu unapokaribia kupandwa na yule mtoto wa mwisho, MC asimamishe, aseme ukweli kuhusu nauli na chakula, kapu lipite, na namba ya Lipa iandikwe kwa herufi kubwa kwenye kipande cha boksi ili aliyeko nyuma aione. Halafu mtoto apande. Na kila kapu lipewe watu wawili wa kulisimamia, kutoka vikundi tofauti, na hela ihesabiwe mbele ya wote jioni ile ile. Ushirika wa vikundi sita huvunjika kwenye kapu mapema kuliko kwenye jukwaa.

Njia ya pili ni wauzaji. Tamasha likivuta watu, mama lishe, wauza mihogo, wauza juisi na wapiga picha watakuja hata msipowaita. Pangeni sehemu yao, mkubaliane mchango mdogo, na muulize halmashauri kwanza kama mnaruhusiwa kuuchukua. Njia ya tatu ni msaada wa vitu: mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweza kutoa mbao, hoteli ikatoa chakula, shule ikaazima viti na vyoo vyake. Msaada wa vitu ni rahisi kuupata kuliko fedha taslimu. Mdhamini mkubwa akijitokeza mshukuruni, ila someni anachotaka. Nikiwa na watoto mstari wa mbele, sikubali bango la pombe nyuma ya wasanii, hata kama hela ni nzuri. Huo ni msimamo wangu, ninyi mtakaa muamue wenu.

Kuhusu kibali, ndugu yenu amekosea, na kosa hilo linaweza kuwalaza ndani. Uwanja wa wazi una mwenyewe. Furahisha iko Kirumba, na Kirumba iko chini ya Manispaa ya Ilemela. Nyamagana iko chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Kwa hiyo mpango wenu, hata kabla ya kufika sokoni, una halmashauri mbili, maofisa utamaduni wawili na barua mbili, na kibali cha mmoja hakimfungi mwingine. Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, kifungu cha 43, inamtaka anayeandaa mkusanyiko au maandamano mahali pa umma atoe taarifa ya maandishi kwa polisi wa eneo lile angalau saa 48 kabla. Nyinyi msisubiri saa 48, pelekeni wiki mbili kabla mkiwa na barua ya halmashauri mkononi. Vikundi vyote sita vihakikishe usajili wao BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, uko hai, maana hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa. Na mkipiga nyimbo za kurekodiwa za watu wengine hadharani, hakimiliki haiondoki kwa sababu tamasha ni bure, kwa hiyo waulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, utaratibu. Ngoma zenu wenyewe hazina shida hiyo, nami ningependa zaidi kusikia ngoma.

Barua peke yake haitoshi. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa imamu na kwa mchungaji wa jirani, mkae mkaongee, mjue saa za ibada. Niliwahi kuandaa onyesho mahali fulani nikiwa na vibali vyote kwenye faili, nikasahau kuuliza kama kuna msiba. Kulikuwa na msiba nyumba ya nne. Tulibeba ngoma zetu tukaondoka, na tulistahili.

Sasa niruhusu nikae kidogo kwenye sauti, kwa sababu hapa ndipo maonyesho mengi ya nje hufa na watu hawajui yamekufa kwa nini. Ukumbini kuta na paa hurudisha sauti kwa msikilizaji. Nje hakuna kinachoirudisha, inakwenda moja kwa moja. Kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6, ndiyo maana anayesikia vizuri akiwa mita 5 anaanza kukisia maneno akiwa mita 20. Spika kubwa inaongeza nguvu, lakini inaongeza pia kelele kwa walio karibu, mstari wa mbele wanaziba masikio, wa nyuma bado wanasikia mvumo tu. Dawa ya kwanza ni kuwasogeza watu, pili kuchagua upepo, spika ije ya tatu. Spika mbili za kadiri zilizoinuliwa juu ya vichwa vya watu hufanya kazi kuliko moja kubwa iliyokaa chini.

Upepo wa Mwanza mnaujua. Mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Sauti inayokwenda na upepo huinamia chini kuelekea masikioni mwa watu, inayokwenda kinyume cha upepo hupinda kwenda juu na kupotea. Kwa hiyo jioni msanii angepaswa kuligeuzia ziwa mgongo. Lakini hapo hapo kuna mtego: sehemu nyingi za mji wenu ziwa liko magharibi, na mkikaa hivyo kuanzia saa kumi jioni mtazamaji anakodolea jua machoni. Nimeona watu wakiondoka kwenye igizo zuri mno huku wameweka mikono kwenye paji la uso, na waandaaji wakilalamika kwamba watu hawapendi sanaa. Cha kufanya ni kutafuta mwembe mkubwa au jengo refu upande wa magharibi, kivuli chake kiwafunike wote, kisha mkae mgongo kwa ziwa bila wasiwasi. Kama hakuna, geuzeni kuelekea kaskazini au kusini ili upepo na jua vyote vije kwa ubavuni. Mwezi wa saba mvua haitawasumbua, vumbi litawasumbua. Mwagieni maji uwanja mapema mchana.

Na fanyeni duara. Jukwaa la mbao linapendeza kwenye picha, ila linagharimu, linawaweka watu mbali, na sarakasi na ngoma hazilihitaji. Nikueleze anavyofanya fundi mmoja wa mtaani niliyefanya naye kazi. Anafika na ngoma moja na chupa ya maji yenye tundu kwenye kifuniko. Mwenzake anapiga ngoma polepole. Yeye anatembea kinyumenyume akimwaga maji kwenye vumbi, mstari mwembamba, mpaka duara linafunga, upana wake kama mita 8. Hasemi neno. Watoto wanakuja kuangalia anafanya nini, anawaonyesha kwa kidole wakae, vidole vya miguu vikiwa kwenye mstari. Watoto wakishakaa, kina mama wanasimama nyuma yao. Kina mama wakisimama, wanaume wa bodaboda wanazima pikipiki. Mstari unapokauka watu wameshajipanga wenyewe, na hakuna aliyewapigia kelele kwenye maiki kwamba rudi nyuma, rudi nyuma.

Duara hilo pia ndilo kipimo chenu cha usalama. Pete ya watazamaji yenye kina cha mita 5 kuzunguka duara la mita 8 inabeba watu kama 500 kwa raha, wawili au watatu kwa kila mita ya mraba. Wakifika watano kwenye mita moja, mtu hawezi kuinama kuokota kandambili yake, na umati unaanza kusukumana bila yeyote kutaka. Hapo simamisheni mchezo, ongeeni kwa upole, panueni duara. Acheni njia mbili wazi, kila moja ya kupitisha machela, na aliyekuja na kiti cha magurudumu apewe nafasi mbele karibu na njia. Mkiona watu 3,000 msishangilie haraka, maana waliosikia ni 500 na waliobaki wamekuja kuangalia watu wanaangalia nini.

Anzeni saa kumi kamili, hata wakiwa watoto ishirini. Jua linazama karibu saa moja na giza huingia upesi. Maliza mapema ili msichana aliyekuja na mdogo wake apate daladala kukiwa bado na mwanga. Ukiendelea usiku unahitaji taa, jenereta na ulinzi, na kundi la watazamaji linabadilika: kina mama wanapungua, walevi wanaongezeka.

Kwa hiyo mna njia tatu. Mnaweza kushikilia siku tatu kwa kukopa, nami nawasihi msifanye. Mnaweza kuahirisha mwaka mzima mkitafuta mdhamini, na hiyo ni halali kabisa, ila moto wa vikundi sita hukaa kwa shida mwaka mzima bila kazi. Ninayoipendekeza ni jioni mbili mfululizo katika uwanja mmoja, vikundi vitatu kila jioni, bila jukwaa. Nauli na chakula cha watu thelathini kwa siku, kwa ile 10,000, ni 600,000 kwa siku mbili. Zinabaki 300,000 za spika za kadiri, maji, choo na huduma ya kwanza, na kapu liwe nyongeza, msilipangie matumizi kabla halijapita. Sokoni msipaache: asubuhi ya siku ya kwanza kikundi kimoja kiende kikacheze dakika 20, kwa makubaliano na uongozi wa soko, mahali ambapo hamzibi meza ya mtu, kisha kitangaze kwamba mchezo unaendelea jioni. Mfanyabiashara aliyezibiwa meza yake hatawasamehe hata mkicheza vipi.

Yako mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi na lazima mtu aje ayaone kwa macho. Mkitumia jenereta au kuvuta umeme kutoka kwenye jengo, aunganishe fundi umeme mwenye leseni, na mvua ikidondoka tone moja mzime kwanza mjadili baadaye. Mkijenga chochote cha kupandwa na watu, au kufunga kamba ya kuning'inia, mhandisi akague. Mchezo wa moto usifanyike bila watu wa Zimamoto kujulishwa na kuuona mpango wenu. Ombeni Msalaba Mwekundu wa mkoa wawape watu wa huduma ya kwanza, na mjue kabla ni gari gani litampeleka mgonjwa hospitali na dereva wake ni nani. Na kama igizo lenu linagusa mgogoro uliopo mtaani sasa hivi, wa ardhi au wa wamachinga na barabara, kaeni na afisa utamaduni na wazee wa pale kabla, ana kwa ana, mkiwa na andiko mkononi. Pandeni pia Bujora mkaongee na viongozi wa ngoma. Wana maarifa ya kushika umati ambayo hakuna chuo kitakachowapa kwa wiki moja.

Kabla ya yote hayo, Jumamosi hii nenda Furahisha saa kumi jioni na mwenzako mmoja, ngoma moja na chupa ya maji. Ongea kwanza na msimamizi wa uwanja. Chora duara, cheza dakika 15, mwenzako asimame pembeni ahesabu: waliosimama, waliokaa mpaka mwisho, na walioondoka waliondokea dakika ya ngapi. Niandikie hizo namba tatu, pamoja na jua lilikuwa upande gani, nami nitakuambia duara la mwezi wa saba mlichore wapi.